Rangi ya Vikapu

Tulimzika mama Jumamosi, na kufikia Jumapili jioni kila mwombolezaji aliyepita nyumbani kwetu, hapa Bungoma karibu na Kibabii, alikuwa amekisifu kikapu cha dada yangu Nekesa. Kilikuwa kikapu kikubwa cha katani, chenye mistari ya kijani, na alikuja nacho kutoka Kitale kimejaa mikate na majani ya chai. "Huyu mama ako na mikono, bana," walisema wanawake waliokuwa wakiosha masufuria. "Ati alianza kusuka akiwa msichana." Mimi nilikuwa nimeinama nikimenya viazi, na nusura nitupe kisu. Hakuanza akiwa msichana. Alianza akiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, katika mwaka ninaoujua vizuri kwa sababu gunia la katani yake lilikaa chini ya kitanda changu, na sababu ya kuanza naijua pia. Watu husema ukiutoa ukweli moyoni unapata nafuu. Mimi niliutoa mapema, nikampa kila aliyefaa kupewa, na nafuu sikuiona. Nimechoka kuwa mtu pekee anayekumbuka. Ndiyo maana naandika; karatasi angalau haitaniambia niende nikaombe.

Nilienda Kitale mwezi wa pili, baada ya kumaliza kidato cha nne, ardhi ikiwa kavu na watu wakilima wakisubiri mvua. Mpango ulikuwa wa mama: nikae kwa dada mwaka mmoja, nimsaidie na watoto na jikoni, kisha mama atauza mahindi ya msimu utakaofuata na mimi niingie chuo cha ualimu. Dada alikuwa ameolewa na Barasa, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, mtu wa kucheka na kila mtu, mlezi wa vijana kanisani, mtu ambaye ungemwachia mtoto na ufunguo wa nyumba. Waliishi nyuma ya duka: sebule yenye makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe, chumba chao, jikoni, na stoo ambamo niliwekewa kitanda katikati ya magunia. Stoo ilinuka dawa ya kuogesha ng'ombe. Mpaka leo nikipitana na ng'ombe aliyetoka kuogeshwa, najiona nimelala pale nikisikiliza. Ng'ambo ya ua kulikuwa na msikiti, na adhana ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha dada. Aliwasha jiko, akapiga magoti kando ya meza ya jikoni, akaomba kwa sauti ya chini mpaka maji yachemke. Ukuta ulikuwa wa mbao, nilisikia kila neno. Aliwaombea wakulima wa sehemu za Saboti na Kwanza na kila upande wanunuzi wetu walikotoka, akiwataja wengine kwa majina. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimeshaambiwa mara nyingi kwamba namwonea wivu dada yangu. Wivu gani? Nekesa alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Kama angekuwa mbaya tangu mwanzo ningeshalala usingizi wangu zamani.

Mwaka ule mvua iliwahi, na mbegu ikaadimika. Watu walipanga foleni mbele ya duka kabla halijafunguliwa, na Barasa hakuwa na cha kuwapa. Ndipo mchana mmoja alipoingia jikoni na gunia la mahindi ya kusaga ya mwaka juzi, yaliyokwisha kuingiwa na dumuzi, furushi la pakiti tupu za mbegu, na kopo la rangi ya unga, ile ya kijani ambayo wasusi hutia kwenye katani. Mbegu halisi huwa imetiwa rangi kiwandani, kila mkulima anajua. Na mkulima akishaona rangi na pakiti hachunguzi zaidi. Mimi niliambiwa nitoke na watoto. Kazi ile Barasa aliitaka iwe ya mkewe, isipite mlango wa jikoni. Nikiwa naondoka niliwasikia.

"Ni ya wiki moja tu," Barasa alisema. "Lori ikikuja, tunaacha. Si mahindi ni mahindi? Itaota."

"Na isipoota, Baba Wekesa?"

"Basi ni mvua imeharibu. Kwani mvua huwa haiharibu?"

Jioni nilikuta stoo yangu imeanikwa mahindi ya kijani, na njia ya kwenda kitandani imeachwa upana wa mguu. Tulikula ugali na mboga ya mrenda, na kuku aliyechinjwa bila sherehe yoyote, jambo ambalo kwa nyumba ile lilikuwa geni. Dada aliketi na kuificha mikono chini ya meza. Watoto walikula, Barasa alikula, akavunja mfupa akafyonza. Sahani ya dada ilibaki ilivyopakuliwa. Nikamuuliza, "Dada, mbona huli?" Aliitoa mikono akaitazama. Ilikuwa ya kijani mpaka kwenye vifundo, na kwenye kucha rangi ilikuwa imekaza zaidi. Rangi ya kiwandani hutoka ukinawa; ile ya katani hushika ngozi kwa siku kadhaa. "Nikimega ugali utachafuka," alisema. "Nitakula baadaye." Alienda jikoni, nikamsikia anasugua kwa jivu na ndimu, kisha maji yakanyamaza na yeye akawa analia. "Mwache," Barasa aliniambia bila kuinua kichwa. "Ni kuchoka tu." Nilichukua kijiko nikampelekea mrenda jikoni. Hakuugusa. Nilifurahi kwamba hakula, ingawa sikuelewa kwa nini nilifurahi. Leo naelewa.

Na kabla ya rangi kuingia nyumbani, dada alikuwa ameshatenga pakiti halisi za mbegu kwa ajili ya mama, akaziweka chini ya kitanda chake, akazifunika na leso. "Hii ni ya mama, isiguswe," alituambia wote. Wakati mkulima mmoja alipojua zipo na kumsihi Barasa amuuzie, dada alisimama mlangoni mwa chumba chake akakataa katakata. Mama alipanda mbegu hiyo, akavuna vizuri, na sehemu ya mavuno hayo tukala sisi Kitale mwishoni mwa mwaka. Nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Jumapili alienda kanisani amevaa sweta la mikono mirefu kwenye jua kali, na sadaka akaitoa kwa kushika noti kwa ncha za vidole. Ilipofika Jumatano ilikuwa zamu ya ushirika wa akina mama kukutana sebuleni kwetu, na ushirika wao ulikuwa wa watu wa kuungama: mtu anasimama, anasema alichokosa, wengine wanamwimbia na kumkumbatia, na yaliyopita yanakwisha. Asubuhi hiyo nilimsikia akijizoesha jikoni. "Ndugu zangu, niko na neno. Ndugu zangu, nyumbani kwangu kuna jambo." Akina mama walikuja, wakaketi, wakaimba. Dada akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, niko na neno," kisha akaendelea kwamba kuna jirani alikuja kumwomba chumvi naye akadanganya ati imeisha, na chumvi ilikuwepo. Alilia kweli kweli. Wakamkumbatia, wakamwimbia, na mama mmoja akasema angependa kuwa na moyo mwororo kama wa Nekesa. Nilikuwa nimesimama na birika la chai na nilitaka kulimwaga.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko jambo lolote lingine maishani mwangu, na bado linanikera. Alikuwa amefika mlangoni kabisa. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Chumvi ndiyo iliyomrudisha, kwa sababu baada ya kuitubia alihisi vizuri, na kujisikia vizuri kulimtosha. Jumatano iliyofuata alikuwa na dhambi nyingine ndogo, na iliyofuata pia: amemfokea mtoto, amesinzia katika maombi. Akawa mwungamaji hodari wa ushirika ule. Lori la mbegu lilikuja, likashusha mzigo, na kopo la rangi halikutoka jikoni, kwa kuwa mbegu halisi haitoshi kamwe na wateja walishazoea kwamba kwa Barasa haikosekani. Nilimwendea mchungaji wetu. Nilimkuta pale pale sebuleni, kwenye kochi la kitambaa cheupe, akinywa chai yetu, dada akiwa ameenda sokoni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sitamnyima hilo. Kisha akaweka kikombe chini akasema, "Binti, mambo ya nyumba ya watu ni ya nyumba yao. Wewe mwombee dada yako, na usikuwe mwepesi wa kusema." Akaondoka na pakiti mbili za mbegu, zile halisi, zawadi ya Barasa.

Hadithi ya kikapu ilianza hivi. Mtunza hazina wa kanisa, mama mwenye macho, alimshika dada mkono wakati wa kusalimiana akasema, "Mama Wekesa, hii rangi ya nini kwa kucha?" Dada akajibu papo hapo, "Ya katani. Najifunza kusuka vikapu." Kesho yake alirudi kutoka sokoni na gunia la katani, akalisukuma chini ya kitanda changu, akaketi kwenye kigoda akaanza kusuka. Nilimwuliza anafanya nini. "Si nilisema nasuka?" alinijibu. "Sasa nasuka. Sitaki kuwa mwongo." Nilicheka, na Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa mtu asiyevumilia uongo, kwa hiyo aliuchukua uongo wake akaufanya uwe kweli kwa mikono yake mwenyewe, na tangu hapo hakuvaa tena sweta.

Mwezi wa sita alikuja Mzee Ndiema kutoka Saboti, mkulima mrefu wa maneno machache, amebeba mihindi miwili ndani ya gunia. Aliilaza juu ya kaunta na mizizi yake na udongo. Ilikuwa myembamba, ya manjano, haikufika magoti. "Hii ndiyo imeota," alisema. "Ingine haikutoka kabisa." Dada alikimbilia jikoni akafunga mlango. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkono mdomoni. "Ameenda?" aliniuliza. "Ameenda?" Nikamwambia aende amwambie mzee ukweli, hata kwa kunong'ona. "Nitamwambia," alisema. "Lakini si leo. Leo Barasa yuko." Niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba mtu anayetetemeka hivyo hawezi kulala na jambo. Mzee Ndiema alirudi baada ya wenzake kuvuna, safari hii mikono mitupu, na Barasa hakuwepo. Nikajua siku imefika. Dada alijifuta mikono, akatoka, akamvutia mzee kiti.

"Mzee, ulipanda lini?" alimuuliza kwa sauti ya upole. "Si ulichelewa kidogo? Na mbolea uliweka ya kupandia, ama ya kukuzia? Hii mambo inataka utaratibu, mzee wangu. Mbegu peke yake haifanyi kazi."

Mzee Ndiema alianza kuhesabu kwa vidole siku aliyopanda. Alikuwa na shaka usoni, na shaka yenyewe ilikuwa ya kujishuku yeye. Dada akamletea chai na mkate, akamwombea kabla hajaondoka. Chakula cha mchana siku hiyo kilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe. Alikula sahani moja, akaongeza nyingine, akaniambia githeri yangu imeiva vizuri. Nilikaa nikimwangalia akitafuna. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ningependa kuwaonyesha njia ya dada yangu, ambayo imepita miaka thelathini na ushee na bado ina lami. Wakati wa mazishi ya mama niliwaona wapishi wakiyaepua masufuria makubwa motoni kwa mikono mitupu, bila hata kitambaa, wakiongea mambo mengine. Hawajifanyi mashujaa. Hawasikii moto, basi. Nikawaza kwamba hakuna aliyezaliwa na mkono wa namna ile, na kwamba kila mmoja wao aliwahi kulia mara ya kwanza alipoungua.

Msimu wa pili ulipokaribia hakukuwa na minong'ono tena jikoni. Barasa hakusema ya wiki moja. Dada alichovya mahindi akiimba nyimbo za Jumapili, akinisahihisha mimi nilipokosea sauti ya pili, na mahindi yakikauka aliketi juu ya gunia akisuka mpaka yawe tayari. Akila, alikula na vidole vya kijani. Nilipomkumbusha habari za Mzee Ndiema alinikasirikia, mara ya kwanza na ya mwisho. "Naliaka, wewe unakula kwa nani?" aliniambia. "Unalala kwa nani? Ukiona nyumba yangu ni chafu, njia ya Bungoma unaijua." Saa moja baadaye alikuwa amesahau, akaniita nionje supu. Mimi sikusahau. Nilifunga sanduku langu, kwa vile mwaka ulikuwa umekwisha na mama alikuwa ananihitaji wakati wa kupanda. Asubuhi ya kuondoka dada alinisindikiza mpaka mlangoni, akanitia mikononi pakiti za kumpelekea mama. "Mwambie apande mapema," alisema, akanikumbatia. Nilikumbuka zile zilizofichwa chini ya leso mwaka uliotangulia, jinsi alivyozilinda, na sikuuliza kitu. Nilisema moyoni kwamba hata kama ameharibika, kwa mama hajaharibika.

Tulipanda siku mbili baadaye, mimi nikichimba mashimo kwa jembe, mama akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Kulikuwa na manyunyu. Katikati ya shamba alikuja Mama Simiyu, jirani yetu, rafiki ya mama tangu wakiwa wake wapya, waliokuwa wakiazimana hata mtoto wa kutuma. Alisimama kwenye mtaro akaomba konzi moja amalizie mstari wake. Kwetu mbegu haitolewi nje kabla mwenye shamba hajafukia shimo la mwisho. Ukitoa, unasemekana umetoa mavuno yako na mkono ulioyapokea unaondoka nayo. Mama alicheka. "Wewe ni mtu wa nyumbani," alisema, akachota, akanyoosha mkono. Ndipo nikauona mkono wa mama. Ulikuwa umelowa manyunyu na ulikuwa wa kijani mpaka kwenye kifundo, kijani kile kile cha katani.

Niliangusha jembe. Nikamwambia mama aache, mbegu hii si mbegu, ni mahindi ya dumuzi na rangi ya katani, nimeiona ikipakwa, nimelala nayo chumba kimoja mwaka mzima. Nilisema haraka na vibaya, nikilia, na Mama Simiyu akiwa pale na konzi yake. Mama akanipiga kofi, yeye ambaye hakuwahi kunipiga tangu nivunje ungo. "Mbegu zote ziko na rangi," alisema. "Umekula kwa dada yako mwaka mzima, leo unamletea jina mbaya? Nekesa hawezi kunipa mimi kitu mbaya. Mimi!" Akainama akaendelea kudondosha. Nilibaki nimesimama. Tafadhali mtu aniambie ningefanya nini zaidi, maana nimejiuliza nikiwa mwalimu, nikiwa mke, nikiwa mjane, na sijapata jibu. Niliokota jembe nikachimba, kwa kuwa nisingechimba mimi angechimba yeye.

Shamba letu liliota kwa madoa madoa, mahali mche, mahali hakuna. Kilichoota kilisimama kama mihindi ile ya Mzee Ndiema. Hakukuwa na mahindi ya kuuza, na mimi sikwenda chuo mwaka ule, wala uliofuata; nilikuja kusoma ualimu nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Hilo nililimeza. Nisilolimeza ni kwamba mama hakuishtaki mbegu. Alimshtaki Mama Simiyu. Alisema wazi, kwenye kisima na mlangoni mwa kanisa, kwamba mkono ule ndio ulioondoka na mavuno yake. Mama Simiyu alijitetea kwamba hata konzi yake haikuota punje moja. Mama akasema huo ni ujanja wa mchawi, kujichoma kidogo asijulikane. Nilienda kwa Mama Simiyu nikampa ukweli wote, naye alinishukuru. Kisha nikapanda gari mpaka Kitale. Nilimkuta dada kwenye kigoda, kikapu magotini. Nikamwambia shamba la mama limekufa na mama amemwita rafiki yake mchawi mbele ya watu.

"Woi, mama maskini," alisema, na alimaanisha. "Lakini zilikuwa zimebaki hizo tu, Naliaka. Ungetaka nimnyime? Hata hizo huwa zinaota."

"Ulimpa mama ile ya rangi. Ukijua."

Nilimwangalia usoni nikitafuta yule aliyelia juu ya jivu na ndimu, na ninaapa alijitahidi kunisaidia kumtafuta. "Sikuwaza," alisema mwishowe. "Nilichukua zilizokuwa karibu." Nikamwomba aje nyumbani aseme maneno hayo hayo, tu hayo, kwa mama na kwa Mama Simiyu. Alisema atakuja Krismasi. Alikuja Krismasi, na kuku wawili na kikapu kipya cha mama, akakaa siku nne, akacheka na kila mtu. Sasa mama amekufa akiwa hajamsalimu Mama Simiyu, na mashamba yao yametenganishwa na mtaro anaouruka mtoto.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndiyo siku ya kunyoa, ambayo sisi tunaiita lufu. Jamaa huketi uani, na mzee anayeisimamia huuliza nani ana neno na marehemu: aliyemkosea au aliyekosewa naye aseme sasa, asimbebeshe mzigo. Dada alikuwa ameketi mbele, nywele zimekwisha kunyolewa, uso umetulia. Barasa alishatangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Mzee aliuliza mara ya kwanza. Ndipo Mama Simiyu akainuka kwenye fimbo yake, mkongwe mkavu, sauti bado nzima.

"Mimi nimekaa na mama yenu hapa mpaka tumezeeka," alisema. "Tulikuwa tunapitana kwa njia kama watu hawajuani. Alisema mkono wangu ulibeba mahindi yake. Haukubeba. Ile konzi alinipa nilipanda, haikuota. Sitaki kitu. Nataka tu mtu wa hii boma aseme, halafu nikienda kule nimpate mwenzangu nimsalimie."

Dada alisimama. Nikasahau hata kufiwa. Nilijiambia hatimaye, Nekesa, hatimaye, hata kama mama hayupo kusikia. Alitembea mpaka kwa Mama Simiyu, akashika mikono yake yote miwili, na machozi yakaanza kumtoka, machozi halisi.

"Mama Simiyu," alisema, "mimi kama mtoto wa kwanza nasema kwa niaba ya wenzangu. Ile kitu ulifanya, tumekusamehe. Tumeachilia kabisa. Hata mama huko aliko ameachilia."

Wanawake waliitikia amina. Mtu mmoja alianzisha wimbo. Sikumbuki nilivyosimama, ila nakumbuka kwamba wimbo ulikatika. Nilisema yote, polepole mara hii, bila kulia: gunia la dumuzi, kopo la rangi, pakiti, mkono wa mama kwenye manyunyu. Nilipomaliza, watu walimgeukia dada. Alinitazama kwa huruma. Nimefundisha watoto miaka mingi na uso wa mtu anayedanganya naujua hata akiwa amenipa mgongo. Uso ule haukuwa na uongo wowote.

"Naliaka," alisema, "rangi? Ile rangi si ilikuwa ya vikapu?"

Mzee alikohoa akasema maneno yamesikika, na kwamba msiba huchanganya kila mtu kwa namna yake. Akaendelea na mambo ya shamba. Mama Simiyu alikuwa bado amesimama karibu yangu. Alinishika bega, akainama sikioni mwangu. "Wewe uliniambia zamani, mwanangu," alisema. "Si wewe nilikuwa nangoja." Akachukua njia ya mtarini akaenda kwake, hakungoja chakula.

Chakula kililetwa. Dada alipakua mwenyewe, ugali na kuku na mrenda, akiwahudumia wazee kwanza, akiulizia nani hajapata. Alinichagulia paja, akaketi kando yangu kwenye mkeka, akanawa. Mikono yake ilikuwa safi kabisa. Alimega tonge, akachovya, akala kwa hamu ya mtu aliyefanya kazi njema, akamega jingine. Kisha akaitazama sahani yangu.

"Naliaka," aliniuliza, "mbona huli?"